Mgonjwa Aliyenitambua

Kitu cha kwanza nilichofundishwa kazini nawapa bure: usisimame kati ya mgonjwa na mlango. Mtu mwenye hofu akiona njia imezibwa atapita juu yako, na wala hatakuwa amekukusudia ubaya. Simama pembeni, mikono yako ionekane, taja jina lako, uongee polepole hata kama moyo unakwenda mbio. Nimeuguza wagonjwa wa akili kusini mwa London miaka thelathini na kitu. Nimepigwa kofi mara mbili tu, na mara zote mbili nilikuwa nimesimama mlangoni.

Nawaandikia nyinyi mnaofanya kazi kwenye wodi na nyumba za wazee, mnaoshuka kwenye basi pale Woolwich na Barking na beji shingoni na macho mekundu. Lakini aliyenichokoza hasa ni mjukuu wangu Ilham, anayesoma saikolojia chuoni. Huyu nikimsemesha kwa Kiswahili ananielewa vizuri sana, kisha ananijibu kwa Kiingereza, na nimeshachoka kugombana naye. Siku moja napiga pasi, akaniuliza kwa nini vitabu vyake vina neno moja tu la Kiingereza, repression, kwa mambo mawili: serikali inayowaziba watu midomo, na moyo unaoficha jambo mpaka mwenyewe asilione. Alitaka mfano wa kutia kwenye insha. Nikamwambia aniache nimalize nguo. Ukweli ni kwamba mfano nilikuwa nao, na niliogopa kuutoa. Mtu mzima wa miaka sabini na kitu, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nikaogopa, nikaunguza kola ya shati.

Sasa nautoa.

Hospitali yetu ilikuwa kubwa ya matofali mekundu, na korido yake ndefu hivi kwamba mwisho wake huuoni vizuri. Ilikuwa miaka ya sabini, na mimi ndiyo kwanza nimemaliza mafunzo. Funguo tulizifunga kiunoni kwa mnyororo, na kila mlango uliopita uliufunga nyuma yako bila kufikiri. Ndivyo nilivyomfungia Dokta Hollis, mkubwa wa wodi, ndani ya stoo ya mashuka. Alikuwa ameingia kutafuta taulo. Nikapita, nikafunga, nikaendelea na shughuli zangu. Alipoanza kugonga nilidhani ni mgonjwa, nikamwambia kupitia mlangoni kwa ile sauti ya upole tuliyofundishwa, "Utatoka ukishatulia." Akatulia kweli. Alikaa humo karibu saa nzima, na alipotoka alisema sasa anaelewa kwa nini wagonjwa wanatuchukia.

Aliyenifundisha kazi ni Sista Nora, nesi mkuu wa wodi, mwanamke mfupi wa Ireland, mnywaji chai wa kutisha, asiyependa maneno mengi. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma ripoti zetu kila mwisho wa zamu, na alikuwa akizichana. "'Mgonjwa mkorofi' si ripoti," alikuwa akisema. "'Mgonjwa alimwaga chai mara mbili' ndiyo ripoti. Andika ulichokiona na ulichokisikia. Unachokidhani kamwambie paka wako." Mpaka leo naona hakuna somo zuri kuliko hilo katika kazi yetu, na mimi nililitumia kufanya kitu kiovu kuliko vyote nilivyowahi kufanya.

Lakini kwanza lazima mnijue mimi nilikuwa nani. Pale hospitalini nilikuwa Nesi Zuhura wa Mombasa. Paspoti ilisema hivyo. Kumbe mimi ni mtoto wa Unguja, mjini, nimezaliwa huko na kukulia huko. Miaka michache baada ya Mapinduzi watu walikuja nyumbani mchana wakamchukua baba, na hatukuambiwa kosa lake wala alipopelekwa. Mama alikwenda kuuliza mara moja. Aliambiwa asiulize tena, akarudi, hakuuliza tena. Hakurudi baba. Mimi nikapelekwa Mombasa kwa shangazi, na mume wa shangazi akaniandikisha kuwa binti yake wa kumzaa ili nipate karatasi. Kwa karatasi hizo ndipo nikaja London kusomea unesi. Nyuma nilimwacha mama na kaka yangu Mbarouk.

Hebu fikirieni hofu niliyokuwa nayo. Ikijulikana natoka wapi, mume wa shangazi anafungwa, mimi narudishwa, na kule Unguja mama na Mbarouk wanaitwa kuulizwa mtoto wao yuko nje kwa ruhusa ya nani na anasema nini. Barua zilikuwa zikifunguliwa. Mama aliniandikia kupitia Mombasa mara mbili kwa mwaka, na kila barua ilisema wote wazima, mvua imenyesha, nasi tunawaombea. Nilizisoma nikitafuta kitu kati ya mistari, sikukipata. Nilikuwa nakaa kantini nikiutazama mlango. Nikisikia Kiswahili ndani ya basi nashuka kituo kinachofuata.

Na kuna jambo la nyumbani lazima mlijue. Katika miaka ile kwetu, watu wazima wakitaka kuzungumza, mama alikuwa akinipeleka uani na kinu. "Twanga," ananiambia. Kinu kitupu. Natwanga tu, ili anayepita ukutani asikie mchi na asisikie maneno. Anayezungumza anasogea, anayesikiliza anainama, sauti inashuka. Jirani mmoja akamwuliza mama mbona siku hizi mnatwanga sana na jikoni hakunukii kitu. Tangu siku hiyo mama akawa anatia mahindi kidogo ndani ya kinu, na tukala makande mpaka tukayachukia.

Bwana Shaibu aliletwa wodini mwanzo wa majira ya baridi. Alikuwa mtu wa miaka arubaini na tano hivi, mwembamba, mwenye adabu sana. Kule kwetu alikuwa karani. London alikuwa akisafisha mabehewa ya treni. Mwenye nyumba aliita polisi kwa sababu alikuwa amesimamisha godoro dirishani, anaacha bomba la maji wazi mchana kutwa, na anasema kuna watu wanaomngoja kituo cha basi na kumfuata mpaka kazini. Kwenye faili lake waliandika pia kwamba kila anapotaka kusema jambo hugonga meza kwa mpini wa kijiko, bila sababu yoyote.

Nilisoma mstari huo nimesimama, nikakaa.

Dokta Hollis alifurahi kuwa na nesi anayejua Kiswahili. Akanipa mgonjwa huyo. Siku tatu nilimhudumia kwa Kiingereza tu, naye alikijua, akanijibu kwa "ndiyo" na "asante". Siku ya nne, alasiri, nikampelekea chai kwenye meza ya pembeni alikokaa mgongo ukutani. Akakoroga chai, akakigeuza kijiko, akaanza kugonga kwa mpini: du, du, du, mapigo yale yale ya mchi. Akafungua mdomo. Na mimi, wanangu, bila kufikiri, nikainama, nikasogeza sikio, nikabana pumzi.

Hakusema alichotaka kusema. Aliacha kugonga, akanitazama.

"Weye wa kwetu," alisema.

"Mie?" Ndiyo jibu lililonitoka. Nikanyooka haraka. "Natoka Mombasa."

"Mombasa wamefundishwa na nani kuinama hivyo?"

Nikachukua toroli langu nikaondoka, na vikombe vilikuwa vikigongana njia nzima. Nimefanya makosa mengi wodini. Nimempa mtu meno ya bandia ya mwenzake, nimemnyoa mzee ndevu alizokuwa amezifuga kwa nadhiri. Lakini kosa la kuusikiliza mchi usiokuwepo angeweza kulifanya mtu wa kwetu peke yake.

Tangu siku hiyo Bwana Shaibu hakula chochote nilichokibeba mimi. Baadaye hakula chochote kabisa. Na akamwambia daktari wazi: yule nesi ni mtu wa Zanzibar, amejificha, ametumwa kunitazama.

Jumatatu tukakaa kikao cha wodi. Dokta Hollis akageuka kwangu, kwa upole kabisa, kama mtu anayekamilisha fomu. "Nesi Zuhura, anasema wewe ni Mzanzibari uliyejificha na kwamba umetumwa. Kuna lolote hapo?"

"Hapana, daktari."

Mnaona nilivyofanya? Nusu ya maneno yake ilikuwa uongo, sikutumwa na mtu. Nikajibu nusu hiyo, nikajifanya nimejibu zote. Daktari akaandika kwamba mgonjwa ana imani thabiti isiyo ya kweli kuhusu nesi wake, na kwamba hofu hiyo ndiyo inayomzuia kula. Uzito wake ulikuwa unaporomoka. Akaamua Alhamisi apewe matibabu ya umeme.

Msinielewe vibaya. Siyapingi matibabu hayo. Nimeona watu yakiwarudisha kutoka mbali sana. Lakini huyu alikuwa anapelekwa kwenye umeme kwa sababu alisema kweli na mimi nikasema uongo. Wangemlaza, wangempitishia umeme kichwani mara sita, mara nane, mpaka aache kuamini kwamba mimi natoka Unguja.

Jioni ya siku hiyo nikaandika ripoti. Niliandika: "Mgonjwa anashikilia kwamba nesi ni mtu wa Zanzibar. Alikataa chai. Alikataa supu. Alisema, 'Anajua kuinama.'" Kila neno lilikuwa la kweli, nilichokiona na nilichokisikia. Sista Nora akaisoma mpaka mwisho, hakuichana.

"Nzuri," alisema. Kisha akaniangalia juu ya miwani. "Kuna ulichokiona na hukukiandika?"

"Hapana, Sista."

"Unaumwa?"

"Ni baridi tu."

Siku mbili zilizofuata sikulala vizuri wala sikula vizuri, nikawa na mimi napungua. Mnajua nilijiambia nini ili nisiseme? Nilijiambia huenda Bwana Shaibu si mgonjwa. Huenda yeye ndiye aliyetumwa. Anajifanya mwendawazimu ili anitoe maneno, na siku nitakayokiri ndiyo siku atakayopona. Mawazo hayo yalikuja yakakaa, na sikuweza kuyatoa. Mchana wa Jumatano niliingia kwenye chumba cha mizigo ya wagonjwa, nikashusha koti lake, nikapekua mifuko, nikapapasa mpaka kwenye bitana. Nilikuta tiketi ya basi na picha ya watoto wawili wamevaa nguo za Idi. Nikasimama na koti lile mkononi. Niliwahi kuona watu wakipapasa bitana za makoti, kwenye chumba cha baba, siku ile ile waliyomchukua. Wao pia walikuwa wakifanya haraka na kimya. Nikalirudisha koti, nikaosha mikono, na bado sikwenda kwa daktari.

Ilham, hapa ndipo jibu la insha yako lilipo, kama unalitaka. Serikali ikimkataza mtu kusema kwa miaka mingi, mwisho haina haja ya kumkataza. Anajikataza mwenyewe, anajipekua mwenyewe, na akivuka bahari anampekua na mwenzake. Mimi nilikuwa London, hakuna askari wa kwetu hata mmoja kwenye korido ile, na nilikuwa nikifanya kazi yao bila mshahara.

Alhamisi asubuhi nilipangiwa mimi kumtayarisha. Kazi yenyewe ni ndogo: hali kitu, anakwenda haja, unamvua saa na pete, unamvalisha gauni la kufungwa kwa nyuma, unamweleza kila hatua kabla hujaifanya. Tafadhali mwelezeni mgonjwa kila hatua. Mikono yenu ikitangulia maneno, mnamtia hofu bure. Nilimweleza yote hayo kwa Kiingereza, naye akatii yote. Hakupigana, hakulia. Alinyoosha kidole ili nimvue pete, na kidole kilikuwa kimekonda hata pete ikatoka yenyewe.

Tukaanza kwenda kwenye korido, yeye na mimi, mkono wangu chini ya kiwiko chake. Chumba cha umeme kilikuwa upande wa kulia, baada ya ofisi za madaktari. Tulikuwa tumefika karibu nusu ya njia aliposema, kwa sauti ya kawaida, bila kunitazama:

"Usijitie unyonge, mwanangu. Nimekutazama, weye hukutumwa, unaogopa tu. Ningekuwa weye, na mie ningekataa."

Nikaendelea kumtembeza.

"Una mama?" akauliza. "Basi umefanya vyema. Mkhofie mamako." Kisha akainua mkono wake wa kushoto, akaanza kugonga ukuta kwa vifundo vya vidole. Du, du, du. "Sema sasa," alisema. "Sema lolote, mie nakutwangia. Hakuna atakayesikia."

Mtu anapelekwa kwenye umeme kwa ajili yangu, naye ananitwangia ili mimi nipate kusema. Niliegemea ukuta. Nilihofia kwamba nikifungua mdomo nitapiga kelele. Nikamkalisha kwenye kiti cha koridoni, nikavunja kanuni nyingine ya kazi kwa kumwacha mgonjwa peke yake, nikaingia ofisini kwa Dokta Hollis bila kubisha hodi.

Alikuwa na Sista Nora, wanapanga zamu. "Nesi?" alisema daktari.

Sauti haikutoka. Nilikuwa nimewaona wagonjwa wa namna hiyo, mtu mwenye koo zima na ulimi mzima, anafungua mdomo na hakuna kitu. Nilikuwa nimefundishwa jinsi ya kumsaidia mtu kama huyo. Sasa nilikuwa mimi. Daktari akasimama. Sista Nora akamwekea mkono kumzuia, na nadhani huo ndio wema mkubwa kuliko wote aliowahi kunifanyia, maana alijua kusubiri. Mkono wangu ukakwenda wenyewe kwenye meza ya daktari na kuanza kugonga. Du, du, du. Na maneno yakatoka, chini chini, nimeinama.

Niliwaambia natoka Unguja. Niliwaambia habari ya kinu. Niliwaambia baba alichukuliwa, na karatasi zangu si zangu, na nina mama. Niliwaambia mgonjwa amenitambua kwa sababu niliinama, na kwamba hilo si ugonjwa. Nilisema hayo yote huku nagonga, na kila nilipojaribu kuuzuia mkono sauti ilikatika.

Nilipomaliza daktari aliutazama mkono wangu, si uso. Nikaona anachofikiri. Tayari alikuwa na mgonjwa mmoja anayegonga. Niliingiwa na hofu mpya ambayo sikuwa nimeitarajia, kwamba sasa nitavalishwa gauni na mimi.

Sista Nora ndiye aliyezungumza. "Daktari," alisema, "hicho alichokisema ndicho alichokiona."

Dokta Hollis akavuta faili, akaukata kwa kalamu ule mstari wa imani isiyo ya kweli, akatia saini pembeni. Umeme wa siku ile ukafutwa. Hakuniuliza habari ya paspoti, siku hiyo wala baadaye. Aliniuliza tu kama naweza kumwambia Bwana Shaibu mwenyewe, kwa lugha yake.

Nilikuwa nafikiri atafurahi. Nilichuchumaa mbele ya kiti chake koridoni, nikamwambia kwa Kiunguja safi, "Ni kweli, mie mtoto wa mjini. Ulisema kweli." Kwanza alicheka. Halafu kicheko kikamkauka.

"Basi ni kweli," alisema. "Na wale wa kituo cha basi je? Nao kweli?"

Hilo sikulifikiri. Nilikuwa nimempa ushahidi kwamba anaona sawasawa, na sasa akawa hana sababu ya kutilia shaka kitu chochote. Kumtoa kwenye hofu hiyo kulichukua wiki nyingi, na dawa pia, maana ugonjwa alikuwa nao. Mtu anaweza kuwa mgonjwa na akawa anasema kweli, msilisahau hilo mnapoandika faili. Alikula kwa sababu nilikula naye, kijiko changu kwanza. Kisha tukawa tunatoka wawili mpaka kituo cha basi kumtazama huyo anayemfuata. Namwambia haya ndiyo matibabu, huku na mimi napitisha jicho kila koti jeusi. Mara nyingi tulimkuta mwanamume anayesubiri basi. Mara moja tu Bwana Shaibu alimwendea akamwuliza saa, akarudi, akaniambia, "Saa tisa na robo," kana kwamba ameniletea dhahabu. Aliondoka wodini kabla ya majira ya kuchipua, akapata chumba Woolwich, na mwaka uliofuata akahama. Sikumwona tena.

Mngependa niishie hapo. Na mimi ningependa.

Miezi michache baadaye ikaja barua ya shangazi kutoka Mombasa. Mbarouk ameitwa ofisini kwa watu wa usalama. Ameulizwa: dada yako yuko London anasema maneno, na anasema na nani? Nikakaa kitandani kwenye bweni la manesi, barua magotini. Ofisini kwa daktari tulikuwa watatu, na Bwana Shaibu wa nne. Nani alimwambia nani, na likafikaje huko, mpaka leo sijui. Nimewashuku wote wanne kwa zamu, mimi nikiwemo, maana huenda nilisema usingizini. Nimewashuku mpaka marehemu Sista Nora, Mungu anisamehe.

Barua ilieleza jinsi Mbarouk alivyojiokoa. Alikaa mbele ya watu wale, hakuwa na la kusema, akasema lililomjia: "Dada yangu amerukwa na akili. Amelazwa huko. Anasema lolote, msimsikilize." Waliandika, wakamwacha aende zake jioni hiyo hiyo. Lakini neno likishaandikwa lazima lisimame. Ikabidi mama awaambie majirani. Ikabidi wamsomee dua binti yake mgonjwa. Wanawake wa mtaa walikuja nyumbani kunisomea, wakala halua, wakampa mama pole, naye akazipokea zote. Mimi kwenye wodi nagawa dawa, na kule kwetu mimi ndiye mwendawazimu. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Kisha nikakumbuka kwamba uongo ule ndio uliokuwa ukimlinda mama, nikawaombea wote wazidi kuamini.

Ilipita miaka mingi kabla sijaweza kurudi Unguja. Mambo yalikuwa yamelegea kidogo, nilikuwa na paspoti ya Uingereza na watoto wawili. Nilifika mtaani mchana. Wanawake waliokuwa vijana nilipoondoka walikuwa wazee, wakanisalimu polepole, wakinitazama machoni, mikono yao ikionekana, kama nilivyokuwa nikiwasalimu wagonjwa wangu. Mmoja alimvuta mjukuu wake karibu. Niliwaitikia kwa adabu, sikumsahihisha mtu.

Jioni tukabaki mimi na mama uani. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, kisu na mchicha viko upande wake wa pili, mbali nami. Milango ilikuwa imefungwa, hakuna aliyesikia. Nikangoja aseme sasa, kwamba pole mwanangu kwa jina tulilokupa, tulikuwa hatuna njia. Alifuta mikono, akanishika kidevu kama nilipokuwa mdogo.

"Umepona, mwanangu?"

Nilitabasamu nikidhani ananitania. Nikamtazama vizuri. Alikuwa amelisema lile jambo kwa majirani, kwa wakubwa, kwa kila aliyeuliza, mwaka baada ya mwaka, na hakuwa na mtu wa kumwambia kinyume chake. Hakuwa ananitania. Bado alikuwa amenishika kidevu, akisubiri jibu.

"Nimepona, mama," nikamwambia.

Akashukuru Mungu, akalia, akajifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akanyoosha mkono upande wa pili, akakichukua kisu, akanipa nimsaidie kukata mchicha.